Koti, suruali na begi vya kuhimili boda, mvua na pantoni

Wakuu, kazi yangu mimi ni kufunga sola, wiki nzima nipo njiani hapa Mwanza, leo Buhongwa, kesho Igombe, keshokutwa nimepanda meli naenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na kwa miaka kama sita sasa nimekua nikihangaika na swali moja, mwanaume avae nini na abebe vipi vitu vyake ili mwili uwe huru na vitu visidondoke wala visilowe. Nilipoteza simu ziwani pale gatini. Nimeinama kunyanyua betri, simu ikachomoka mfuko wa shati, nikasikia chubwi, ikawa imeisha hiyo, namba zote za wateja zikaenda nayo. Tangu siku ile nikawa naangalia mfuko wa nguo kama ninavyoangalia waya kwenye paa la mtu, yaani kila kitu lazima kiwe na sababu ya kuwa pale kilipo. Ninayoandika hapa ndo njia ninayopitia kila nikijipanga upya, na hauhitaji hela nyingi, mitumba mizuri na fundi cherehani anayesikiliza vinatosha kabisa.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani, usiku tatu mfululizo

Usianze kununua. Anza na ulichonacho. Ukirudi nyumbani toa vyote, mifukoni, kwenye begi, kwenye koti, viweke mezani kisha jiulize kimoja kimoja leo nimekigusa mara ngapi. Fanya hivyo siku tatu, ziwe siku za kazi tofauti kama inawezekana. Mimi nilikuta nabeba funguo za nyumba niliyohama, chaja mbili za simu moja, risiti za mwaka juzi, na wakati huohuo sina leso wala plasta.

Gawa mafungu matatu. La kwanza ni vitu unavyogusa kila saa, simu, hela ya nauli, funguo, hivi lazima mkono uvifikie bila macho kuangalia. La pili ni vya mara moja mbili kwa siku, kitambulisho cha NIDA, leseni, paua benki, kalamu, chupa ya maji. La tatu vya dharura, tochi, plasta na bandeji, kamba kama mita mbili, dawa kama unatumia. Fungu la kwanza linakaa mwilini, la pili linakaa juu kwenye begi, la tatu linakaa chini kabisa na halitolewi hata siku ukiona halina kazi. Kitu ambacho hakijaingia fungu lolote kinabaki nyumbani. Hapo utashangaa mzigo umepungua nusu na bado hujatumia hata mia.

Hatua ya 2: Zijue pozi zako

Hii ndo roho ya mambo yote, kwaiyo nisome hapa taratibu. Nguo nyingi zinapimwa mtu akiwa amesimama wima mbele ya kioo, mikono chini. Sasa wewe mkazi wa Mwanza kwa siku unasimama hivyo dakika ngapi? Muda mwingi upo kwenye boda, magoti yamekunjwa na mikono mbele, au unapanda ngazi za mawe kwenda nyumbani maana nusu ya mji huu umejengwa kwenye miamba, Mabatini, Igogo, Bugando huko juu, au umeinama unanyanyua kitu, au umechuchumaa sokoni unachagua dagaa. Hizo ndo pozi zako. Ziandike. Za kwangu ni nne, kukaa kwenye boda, kupanda mawe, kuinua mikono juu ya kichwa nikiwa kwenye ngazi, na kuinama na uzito mkononi.

Kuna mbunifu anaitwa Errolson Hugh, Mkanada, kampuni yake ACRONYM ilianzia Ujerumani mwaka 1994, koti lake moja linaenda zaidi ya dola 1,000 kwaiyo sikwambii ukanunue, ila nilichojifunza kutoka kwake ni kwamba jamaa ni mtu wa karate na nguo zake zinakatwa kwa kufuata mwili unaotembea, sio mwili uliosimama. Hilo halina hatimiliki, hata fundi wa mtaani kwako analiweza akielezwa vizuri.

Kwaiyo ukienda Mlango Mmoja kuchagua mitumba, usiishie kuliweka koti kifuani na kuangalia urefu. Livae, inua mikono juu, angalia kama kiuno cha koti kinapanda mpaka kitovu kinaonekana, kama kinapanda sana basi mkono umeshonewa chini mno kwapani, liache. Mkono ulioanzia shingoni badala ya begani mara nyingi unakupa uhuru zaidi, na ni bonasi ukiwa na begi mgongoni maana hakuna mshono juu ya bega wa kukukwaruza. Suruali omba kistuli, kaa kama upo kwenye boda kabisa, chuchumaa, nyanyua goti mpaka usawa wa kiuno. Ikikubana paja au ikashuka nyuma, hiyo haiwezi kazi yako hata kama rangi umeipenda vipi. Wauzaji wamenizoea sasa, wananitafutia wenyewe suruali zenye vimkunjo vilivyoshonewa kwenye goti, maana goti lililokatwa likiwa tayari limepinda halivuti mguu wa suruali juu ukipanda mawe.

Na hapohapo kwenye mitumba, onyo moja la dhati. Nguo nyingi za aina hii zina asili ya jeshi, utakuta makoti na suruali za mabaka, nzuri, imara, bei poa. Usichukue. Hapa kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Chukua rangi moja tu, nyeusi, bluu nzito, kijivu, udongo. Mtu asikutie kwenye matatizo kwa sababu ya suruali.

Hatua ya 3: Soma kitambaa

Wengi wanasoma chapa kifuani, wewe soma lebo ya ndani. Pamba tupu kwa kazi yetu inachosha, katika hewa ya kawaida tu pamba inashika unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta haifiki hata 1, sasa ikilowa mvua ndo usiseme, jinzi iliyolowa asubuhi Nyakato unashinda nayo mbichi mpaka jioni Nyegezi na mapaja yanachubuka. Mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 ni mzuri sana kwa suruali, unapumua kiasi, unakauka haraka, haukunjamani. Nailoni yenye mpira kidogo ni bora zaidi kwa kukunja goti. Shati la ndani likiwa poliesta nyembamba ya michezo utakauka ukiwa kwenye boda kabla hujafika Buzuruga, ila ubaya wake inashika harufu, kwaiyo ifue siku hiyohiyo.

Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uchome kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu hiyo ni nailoni au poliesta. Uzi tu, na umuombe muuzaji kwanza.

Halafu kuna ile namba yenye herufi D kwenye mabegi, 420D, 600D, 1000D. Sisi wa ziwa hili hatuna haja ya kufundishwa, maana ndo ileile iliyo kwenye lebo za uzi wa nyavu pale maduka ya zana za uvuvi, 210D/9, 210D/12. Inaitwa denia, ni uzito wa gramu wa mita 9,000 za uzi huo. Kwaiyo uzi wa 210D, mita 9,000 zake zina gramu 210, na namba inayofuata baada ya mkwaju inakuambia nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja. Kubwa maana yake nene, sio lazima iwe imara zaidi, mana poliesta ya 600D inaweza kuchubuka mapema kuliko nailoni ya 420D. Kwa begi la mjini 420D mpaka 600D inatosha, 1000D ni nzito na ngumu, iache kwa anayebeba mabomba.

Nailoni inavyofanya kazi na jua muulize mvuvi yeyote wa Kirumba. Wavu ulioachwa juani miezi unakatika kwa kuvuta na mkono. Begi na koti ni hivyohivyo, kausha kivulini.

Na kuna ugonjwa mmoja wa makoti ya mitumba ambao umewaliza wengi, nikiwemo mimi. Koti linang'aa nje, ndani lina ule utando wa plastiki unaozuia maji, kumbe utando huo unaoza taratibu kwa joto na unyevu, unaanza kunata kama lami halafu unabanduka vipande vipande. Miaka ya kukaa kwenye maboksi na makontena inautosha kabisa, na hewa yetu inamalizia. Kabla hujalipa geuza koti, papasa ndani kwa kiganja, kunja kitambaa halafu achia. Kikinata, kikitoa harufu kali ya uchachu, au ukiona ganda jeupe linadondoka, rudisha kwenye fungu, hakuna fundi wala gundi ya kulirudisha hilo.

Hatua ya 4: Koti, na ukweli kuhusu wotaprufu

Mwaka 1969 Bob Gore huko Marekani aliivuta ghafla plastiki ya PTFE, ile ya vikaango visivyoshika, ikatanuka na kutoa utando wenye vitundu vidogo mara maelfu kuliko tone la maji ila vikubwa vya kutosha kupitisha mvuke wa jasho. Ndo ikaja kuwa Gore-Tex. Akili kubwa sana, naiheshimu. Lakini angalia inavyofanya kazi, mvuke unatoka nje kwa sababu ndani ya koti kuna joto na unyevu kuliko nje, ile tofauti ndo inausukuma. Kwenye baridi ya Ulaya tofauti ni kubwa. Mwanza mwezi wa nne saa saba mchana mvua inanyesha na hewa nje ina joto na imejaa maji tayari, tofauti inakua ndogo, jasho linabaki kwako. Ndo maana mtu anavaa koti la bei mbaya anatoka amelowa kwa ndani, anadhani koti ni feki.

Kwaiyo hapa kwetu tafuta matundu kabla ya utando. Koti lenye zipu za kwapani, au mgongo wenye kipande cha wavu kilichofunikwa na kitambaa, au angalau koti pana ambalo hewa inaingia chini na kutokea shingoni. Na liwe jepesi. Zile namba 10,000 au 20,000 kwenye lebo ni milimita za maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajapenya, 10,000 ni kama mita 10 za maji yaliyosimama, kwa mvua ya boda inatosha, ila pale mkanda wa begi unapobana bega ndo huwa panavuja kwanza, pakague zaidi. Angalia pia mishono kwa ndani, lazima iwe imefunikwa na utepe uliogandishwa, kama hakuna utepe basi kila tundu la sindano ni mlango.

Maji yakiacha kutiririka juu ya kitambaa na kuanza kuloweka, usiseme koti limekufa. Lifue kwa sabuni ya maji kidogo, usiweke kabisa ile ya kulainisha na kunukisha nguo, suuza mara mbili tatu mpaka povu liishe lote, likauke kivulini, halafu pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba kilichotandikwa katikati. Joto linaamsha ile dawa ya kufukuza maji iliyopakwa juu ya kitambaa, na matone yanarudi kuviringika.

Sasa shida ya Mwanza sio mvua peke yake, ni mvua na jua siku moja. Usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya ziwa na kuinua mawingu, ndo maana mara nyingi radi zinatuamsha alfajiri, unatoka na koti saa kumi na mbili, saa nne jua linawaka na koti limekua mzigo mkononi, na kilicho mkononi ndo kinachosahaulika kwenye daladala. Dawa yake nimeiiga kwenye makoti ya ACRONYM, mkanda wa kubebea ulioshonewa ndani ya koti. Chukua mkanda wa begi wa upana wa sentimita 2.5, fundi ashone ncha moja ndani chini ya kola katikati, ncha nyingine ndani pembeni karibu na pindo la chini, urefu upime mwenyewe ukiwa umelivua nusu. Ukisikia joto unavua mikono tu, unapitisha kichwa na bega kwenye mkanda, koti linaning'inia mgongoni kama kibegi na mikono yote ipo huru. Mwambie fundi ashonee kwenye mshono uliopo tayari asitoboe kitambaa cha mgongo, la sivyo maji yatapita hapo. Hiki kitu kidogo kimenifurahisha kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwenye nguo.

Hatua ya 5: Suruali kwa fundi

Fundi wangu ni mzee wa makamo mitaa ya Mabatini. Siku ya kwanza nilivyompelekea suruali mpya alinishangaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, leo nini kimechanika?"

"Hakijachanika mzee, nataka uweke kiraka cha almasi hapa kwenye msamba."

"Suruali nzima hii, kiraka cha nini?"

Sikubishana nae, nilikaa kwenye benchi lake kama nipo kwenye boda nikamwambia aguse pale mishono minne inapokutana. Akagusa, ikawa imekaza kama kamba ya hema. Akasema, "Eeh, kumbe inavutwa yote sehemu moja." Tangu hapo tunaelewana.

Kiraka chenyewe ni kipande cha umbo la almasi, changu kina sentimita 9 kwa upana na 20 kwa urefu, kinawekwa pale msamba ili mvuto usambae badala ya kugonga nukta moja. Kitambaa kiwe kilekile au chepesi zaidi, kisiwe kizito. Ashone mara mbili, mshono wa pili juu, na kona apige zigizaga nene fupi. Suruali zangu zilikua zinachanika msamba kila baada ya miezi michache, hii ya kwanza yenye kiraka inaingia mwaka wa tatu.

Kitu cha pili ni mfuko wa simu, na hapa naomba uniruhusu nielezee kwa urefu maana ndo uliniletea hasara. Mfuko wa kawaida wa mbele mdomo wake unatazama juu ukiwa umesimama. Ukikaa, paja linalala, mdomo unatazama nyuma. Ukiwa abiria wa boda magoti yanapanda juu kuliko kiuno, sasa mfuko umeinama kuelekea mdomoni, kila shimo la barabara linaisukuma simu kidogo nje, mpaka Igoma unafika bila simu na unadhani umeibiwa. Mfuko wa nyuma unaikalia, wa shati unamwaga ukiinama.

Mfuko unaofanya kazi unakaa ubavuni mwa paja, na mdomo wake hauko juu, upo ubavu wa mbele, zipu imesimama wima. Ukikaa, upande wa mbele wa paja ndo unakua juu, kwaiyo mdomo unatazama mbinguni na simu haina pa kwenda. Ukisimama, zipu iishie sentimita 5 juu ya kitako cha mfuko ili hata ukisahau kuifunga simu inabaki imekalia hicho kikombe. Simu yangu ina urefu wa sentimita 16 na upana karibu 8, mfuko ni 19 kwa 10 na nusu. Kujua uweke wapi, kaa kwenye kistuli, shikilia simu ubavuni mwa paja, isogeze mpaka haigongi nyonga wala goti, mwambie mtu akuchoree kwa chaki. Usikubali kuchorewa ukiwa umesimama. Kulia au kushoto ni mkono wako, ila kumbuka kwenye daladala watu wanakugusa upande wa njia.

Mengine ni madogo. Funguo ziwe na kitanzi cha utepe ndani ya mfuko wa mbele, zisipige kelele wala kutoboa kitambaa. Hela gawa, chenji ya nauli mfuko mmoja, noti kubwa mfuko wa ndani ya kiuno wenye zipu fupi. Pindo la chini weka lastiki yenye kibano au vifungo viwili vya kubana, kwenye boda mguu wa suruali hauendi kwenye mnyororo na kwenye tope haulambi.

Hatua ya 6: Zipu

Nyuma ya kichwa cha zipu kuna namba, 3, 5, 8, 10, ni kama upana wa meno yakiwa yamefungwa kwa milimita. Mfuko mdogo 3 inafaa, mfuko wa simu na koti 5, mdomo wa begi usikubali chini ya 8. Za meno ya chuma zinaliwa na kutu, chukua za nailoni zilizosokotwa, hata zikiachia unarudisha kichwa nyuma na zinajipanga tena. Zipu inayofunguka yenyewe nyuma ya kichwa mara nyingi haijafa, kichwa kimelegea tu, kibane kidogo kidogo kwa koleo pande zote mbili. Ikikaza pitisha mshumaa. Ondoa vile vyuma vya kuvutia, funga kitanzi cha uzi wa nyavu, hakilii, hakikwaruzi simu, na utakishika hata mikono ikiwa na tope.

Hatua ya 7: Begi

Lita 20 zinatosha mtu wa mjini mwenye kompyuta ndogo na vifaa vichache. Ukinunua la lita 35 utalijaza, ndivyo tulivyo. Vitu vizito viwe karibu na uti wa mgongo na juu kidogo, sio chini wala mbali, maana kikiwa mbali kinakuvuta nyuma kila boda inapoondoka. Mikanda iwe na upana angalau wa vidole vitatu. Kagua pale mkanda unapoingia kwenye begi, hapo ndo yanapokufa mabegi yote, kama hakuna mshono wa mraba wenye msalaba katikati basi mpelekee fundi wa viatu au mabegi na uzi wa nyavu wa nailoni, arudie kabla hujatoka nalo.

Kuhusu maji. Zamani ukienda kupanda meli unafunga simu na karatasi kwenye mfuko wa rambo, ila tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na kusema kweli haikua suluhisho, ilikua inatoboka. Suluhisho ni kifuko cha kukunja mdomo. Ni gunia dogo la turubai laini lisilopitisha maji, mdomo una bapa gumu pande mbili, unatoa hewa, unakunja mdomo mara tatu au zaidi, halafu unafunga kibano. Maji yanapata shida kupanda mikunjo mitatu. Fundi wa maturubai ya malori anaweza kukutengenezea kwa kugandisha kwa gundi na kuzipa mishono tabaka la pili kwa juu, hakikisha ameziba matundu ya sindano. Kijaribu nyumbani, weka gazeti ndani, kizamishe kwenye ndoo dakika 10. Gazeti likitoka kavu, weka humo simu ya akiba, vitambulisho na karatasi za kazi. Na hata kama simu yako imeandikwa IP67, ile 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30 simu ikiwa mpya, mipira ya ndani inazeeka, usiitegemee.

Na sasa niseme hili kwa uzito wote. Ukipanda mtumbwi, boti au pantoni ya Kamanga, fungua mkanda wa kifuani na wa kiunoni wa begi. Begi likae bega moja au miguuni, jaketi la kuokolea livaliwe mwilini moja kwa moja, begi lisiwe juu yake. Ziwa hili limetuchukulia watu MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kila familia ya huku ina mtu inayemkumbuka. Begi lililofungwa kifuani kwenye maji linakua nanga. Ndo maana kibano cha kifuani kwenye begi langu ni kile cha kubonyeza kwa vidole viwili kikaachia, na nilikifanyia mazoezi macho yakiwa yamefumba mpaka kikaachia kila mara. Tangu daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 wengi hamvuki tena kwa pantoni pale, ila juu ya daraja kwenye boda kuna upepo, huko sasa mkanda wa kifua unafungwa.

Hatua ya 8: Vifaa vyenyewe

Sitakaa sana hapa, maana ukishapanga mifuko vitu vinajichagua. Tochi ndogo ya kuchaji yenye kitanzi cha kuvaa kichwani ni bora kuliko ya simu, mikono inabaki huru. Paua benki ya mAh 10,000 inatosha siku, ya mAh 20,000 nenda nayo visiwani. Leso mbili za pamba, hapa pamba inafaa. Kisu sibebi mjini, ukikaguliwa uwanja wa CCM Kirumba au getini kwa mtu unaanza maelezo yasiyo na haja. Ila koleo ya kukunja yenye bisibisi ndani sikosi nayo kazini, inakaa kwenye begi. Zile za Leatherman zilianza kuuzwa mwaka 1983, na mwenyewe Tim Leatherman alipata wazo akizunguka Ulaya na mkewe kwa gari bovu la Fiat, leo gari limezima kesho bomba la hoteli linavuja, kila mara anatamani angekua na koleo mfukoni. Hata isiyo na jina inatosha mradi koleo lake likibana halichezi kwenye pini.

Hatua ya 9: Wiki ya majaribio

Vaa seti yote siku saba mfululizo za kazi, fua usiku kinachohitaji kufuliwa. Usibadilishe kitu katikati. Kila jioni andika mistari miwili, wapi panabana, mkono ulienda mfuko gani ukakuta kitu hakipo. Siku moja wapo lazima iwe ya mvua, kama ni kiangazi mwaga ndoo ya maji ukiwa umevaa, ukianzia mabegani. Ukirudi begi liache wazi limening'inia, lisilale limefungwa na unyevu.

Wiki ikiisha na mkono unaenda wenyewe pajani kuchukua simu bila wewe kuwaza, mpelekee fundi suruali ya pili kwa vipimo vilevile. Kama bado unajipapasa, rudi kwenye kistuli na chaki usogeze mfuko kwanza.